Mchezo Usio na Kibao cha Mwisho

Mimi nilisoma mpaka mwaka wa tatu wa shule ya msingi, basi. Kazi yangu ni kujenga nyumba za mbao hapa Birere, juu ya mawe ambayo mlima wa moto ulitutapikia. Karakana yangu ya kwanza iko chini ya mawe hayo, pamoja na randa ambayo sijapata nyingine kama ile. Nilirudi kujenga palepale jiwe likiwa bado na joto, soli za kandambili zikinata kama gundi. Watu walisema muzee amerukwa na akili. Leo walewale ni majirani zangu.

Lakini nilitaka kusema juu ya watoto.

Kijana mmoja, mwalimu, aliniomba chumba cha nyuma awafundishe watoto wa mtaa kuiamrisha kompyuta. Hawaandiki maneno mengi. Kwenye ekrani, kioo cha kompyuta, kuna vibao vya rangi, kila kimoja na amri yake: tembea, geuka, rudia. Mutoto anavipachika kimoja chini ya kingine, na mutu mdogo wa kwenye ekrani anafuata. Nilikuwa nachungulia huku napiga randa. Kile cha kurudia nilikielewa upesi, ni kugonga msumari mpaka uingie. Kile cha "ikiwa" kilinisumbua, mpaka mjukuu wangu, msichana mwenye mdomo, akanihurumia.

"Babu, ikiwa mvua inanyesha, unaanua mbao. Ikiwa hainyeshi, unaziacha. Ndiyo hiyo tu."

Kisha waasi wakaingia mjini. Si mara ya kwanza, na hawa nao walituambia tutulie. Umeme ukakatika. Mwalimu akavuka mpaka kwenda kwa dada yake, na watoto wakawa wanakuja kukaa mbele ya kompyuta zilizozimika. Mama anayeuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, kando yangu akaniambia, "Papa, warudishe kwao. Hali ikikuwa nzuri watasoma."

"Mama, ningengojea hali nzuri, mpaka leo singekuwa nimeoa."

"Na mke wako angepumzika."

Nikamwacha acheke. Nikakata vipande vya mbao, nikavipaka rangi zilizobaki za milango, nikavitia pengo juu na ulimi chini ili vishikane. Watoto wakaandika amri kwa makaa. Mmoja wao anakuwa mutu wa ekrani, haruhusiwi kufanya lolote ila lililopangwa sakafuni. Siku waliyosahau kibao cha kugeuka, alitembea moja kwa moja akakanyaga debe langu la gundi, na hakutoa mguu mpaka walipompa amri.

Mwalimu akarudi na mfuko mkubwa. Biro yao ya Himbi, ofisi ya wale walioleta kompyuta, ilimtuma akusanye kompyuta zote, darasa lifungwe. Akaukuta mchezo umetandazwa sakafuni. Yeye mwenyewe ndiye aliyeuanzisha: mutu anakimbia mlima, na moto mwekundu ukifika kwenye nyumba yake, kibao cha mwisho kinasema mchezo umekwisha. Akainama, akafuata vibao kwa kidole.

"Kile cha mwisho kiko wapi?"

"Kiko chini ya mguu wa meza ya babu," mjukuu wangu akajibu. "Ilikuwa inayumba."

"Sasa nyumba ikiungua?"

"Anangoja jiwe likuwe jeusi, anarudi, anajenga."

"Na moto ukirudi?"

"Na yeye anarudi. Angalia, mwalimu, tumezungushia kibao cha rudia."

"Mchezo lazima uishe mahali."

"Wako labda. Wa huku hauishi."

Kijana akachuchumaa pale, mfuko mtupu umemlalia magotini. Nikamwondolea mfuko ule.

"Biro ikiuliza, sema muzee wa mbao amekataa," nikamwambia. "Waje waniambie mimi."

Umeme uliporudi, aliupanga mchezo ule kwenye kompyuta jinsi ulivyokuwa sakafuni, na chumba cha nyuma hakikufungwa. Wale wa Himbi mpaka leo hawajaja. Mfuko wao ni imara sana, ndani naweka misumari.