Mistari Mgongoni mwa Jaifar

Hajar ana pua, na mtaa mzima wa Mabela unalijua hilo. Samaki hamnunui mpaka amfunue mashavu na kumnusa, hata muuzaji awe amekula kiapo. Na mtu akimwambia jambo mara ya pili bila kuulizwa, Hajar huliweka moja kwa moja katika fungu la uongo. Tabia hiyo kairithi kwa mamake, aliyekuja nayo kutoka Unguja pamoja na vyungu vyake.

Mumewe, Jaifar, ana gereji kule Ghala. Miaka yote akishikwa na mafua au tumbo likimjaa gesi, dawa ilikuwa ya Hajar: tangawizi, zaatari, mdalasini na habbasoda kidogo. Alichemsha, akachuja, akamsimamia mpaka anywe tone la mwisho. Jaifar alinung'unika kama mtoto, lakini alikunywa.

Baridi ya mwaka huu akapiga chafya wiki nzima, na kikombe akakikataa. Eti keshapona. Mtu gani huyo aliyepona huku pua inamchuruzika? Hajar akamsogelea, akanusa. Kanzu ya mumewe ilikuwa na harufu kali ya kupenya puani, si udi, si karafuu, wala si oili ya magari. Na garini, chini ya kiti, akakuta chupa ya maji ya rangi ya manjano. Akaonja: bizari ya manjano, ukwaju na sukari guru. Ni nani huyo anayemchemshia dawa mume wa mtu?

Asubuhi moja Jaifar akawa anabadilisha fulana, Hajar akauona mgongo. Mistari myekundu, imepangwa mshazari, kulia na kushoto kwa uti wa mgongo. Akaingiwa na hofu ya kweli. Chale hizo, alijiambia, mume wangu kapelekwa kwa mganga. Alipomuuliza, Jaifar akasema amelalia kiti cha kamba cha gereji. Jioni akarudia kuwa ni kile kiti, na hakuna aliyemuuliza.

Hajar akachoma ubani nyumba nzima, kisha akaenda kwa jirani yake, Aliya, kumtafuta Sumiyati, mfanyakazi wao kutoka Indonesia, maana binti huyo aliwahi kupita karibu yake ananukia vile vile. Kwa Kiarabu chao cha jikoni akamweleza, akamchorea mistari kiganjani. Sumiyati akacheka. Si uchawi, mama. Kwao mtu akipata mafua au tumbo likimvimba, husema upepo umemwingia. Hupakwa mafuta mgongoni, akasuguliwa kwa ukingo wa sarafu mpaka ngozi iwe nyekundu, kisha akanyweshwa maji ya manjano na ukwaju.

Hajar akahisi katuliwa mzigo. Akacheka naye, akamwomba mafuta kidogo, akaaga. Alikuwa keshafika mlangoni alipouliza, kuuliza tu, kazi hiyo hufanywa na nani.

"Mamake mtu," Sumiyati akasema. "Akishaoa, mkewe."

Jioni ile Hajar akamwambia mumewe avue fulana. Jaifar aliiona chupa ya mafuta na sarafu mkononi mwake, na hakuuliza ni vya nini. Akalala kifudifudi, akalegeza mabega kama mtu aliyezoea. Hajar akapaka, akasugua mstari wa kwanza, akasugua wa pili.

"Baba Atheer," akasema, "wenyewe wanasema kazi hii ni ya mama au ya mke. Mamako, Mungu amrehemu, tushamzika. Na mimi leo ndo kwanza nnaishika hii sarafu."

Jaifar hakugeuka.

"Nlitaka nikwambie baada ya Idi," akasema, mdomo ukiwa kwenye mto.

Hajar aliiacha sarafu pale pale mgongoni, akaenda kunawa mikono.