Mama Shuka na Chumba cha Marehemu

Shangazi yangu ametandika vitanda vya hoteli moja ya kifahari kwa miaka kumi na tisa. Wenzake humwita Mama Shuka. Magoti yake yamechakaa, mumewe amepooza, na amebakiza miaka miwili astaafu.

Mwezi mmoja hoteli ilikodishwa na watu wa sinema. Walirekodi hadithi ya upelelezi: tajiri anauawa chumbani, na mpelelezi mwenye kofia anamtambua muuaji kwa kuchunguza vitu vilivyotapakaa. Walipokwenda kula walibandika katazo la kuingia kwenye mlango wa mbele wa chumba. Shangazi, kama watandikaji wote, aliingia kwa mlango wa nyuma, ule wa kutolea nguo chafu.

Waliporudi, kitanda kimenyooka, sakafu inang'aa, na shuka lenye damu ya rangi limelowekwa.

"Mama, umefua ushahidi!" mwongozaji alifoka.

"Mwanangu, mimi nimeona uchafu."

Msimamizi wa vyumba hakuwa na utani. "Nusu ya tukio imesharekodiwa. Chumba kisiporudi kama kilivyokuwa ifikapo saa kumi, vua hiyo aproni uende zako."

Kamera ilikuwa imechukua upande wa kitanda tu. Upande mwingine hakuna aliyeukumbuka. Shangazi aliegemea ukuta, akafumba macho. Kila kitu kilikuwa kimepita mikononi mwake.

"Taulo lilikuwa hapa, limekanyagwa. Glasi mbili chini ya meza, moja ina alama ya midomo. Kiti kimelala chali, miguu inaangalia dirisha."

Mwigizaji wa muuaji aliitikia kwa kichwa kila Shangazi alipotaja kitu. "Ni kweli. Hicho kiti nilikiruka."

Saa kumi kasoro dakika chache, msimamizi alichungulia, akakuta chumba kimerudi kama kilivyokuwa, akaondoka. Aproni ilibaki kiunoni mwa Shangazi.

Lakini muuaji alikuwa akisahau maneno yake, na kila waliporudia, chumba kilivurugika. Aliyejua kukirudisha ni mmoja tu. Mara ya tisa, mwongozaji akaita, "Mama Shuka, tunarudia!"

"Jamani, huyu marehemu hawezi kufa mara moja akatulia?"

Wakaangua kicheko. Mpelelezi alivua kofia, akamwinulia kiti apumzike. Shangazi alikitazama kile kiti, akapiga goti, akakilaza tena chali.