Sentensi Niliyoikataa

Kiwanda cha minofu ya samaki nilichofanyia kazi kilitupeleka Buswelu, pembezoni mwa jiji, kwenye ukumbi wa kukodi, tukajifunze kushirikiana. Tulikuwa wakataji kumi na wawili, sote wanawake, pamoja na msimamizi wetu wa zamu. Mwezeshaji, dada mmoja mchangamfu aliyetoka Dar, alituketisha duara akasema tutatunga hadithi papo hapo, kila mtu sentensi moja. Sharti lilikuwa moja: usikanushe alichosema mwenzako. Unakipokea, unaendelea.

Mimi nilikuwa na hasira tangu asubuhi. Wiki tatu kabla, mwenzangu wa meza moja, mama wa watoto wawili kutoka Ukerewe, aliteleza akiwa na kisu mkononi. Mfereji wa kutolea maji ulikuwa umeziba, sakafu nzima mafuta ya sangara. Tulimwambia msimamizi mara nyingi. Kila mara alijibu kwamba amesikia. Kisu kilimkata mwenzangu kiganja hadi kwenye mishipa. Yeye akarudishwa nyumbani, sisi tukaletwa kucheza.

Hadithi ilianza vizuri. Palikuwa na mwanamke mwenye kisu kikali kuliko vyote mjini. Sidhani kama kuna aliyepanga iende huko ilikokwenda, ila ikafika kwamba siku moja yule mwanamke alianguka. Zamu ilikuwa ya msimamizi.

"Akaanguka," alisema akitabasamu, "kwa sababu alikuwa anapiga soga."

Wawili walicheka, kicheko cha woga. Mwezeshaji, asiyejua lolote, akanigeukia niendelee.

"Hapana," nilisema. "Hakuwa anapiga soga. Nilikuwa pembeni yake. Alikuwa ameinama anakata."

Mwezeshaji alinikumbusha sharti kwa upole. Nikamwuliza, mimi nikilipokea neno hilo, mwenzangu atalipokea kwa mkono upi? Msimamizi akasema huo ndio ukorofi tulioletwa kuuacha.

Hapo mama aliyetuzidi sote umri, ambaye kila asubuhi tulimpa shikamoo kabla ya kushika visu, akasema bila kuinua macho: "Sasa ni zamu yangu. Mfereji ulikuwa umeziba, na tulisema."

Aliyefuata akapokea kwamba tulisema mara nyingi. Wakazunguka hivyo, sentensi kwa sentensi, hadi wakamfikia msimamizi, naye akatoka nje kupokea simu ambayo hakuna aliyeisikia ikiita.

Wiki iliyofuata nilihamishiwa kwenye kufungasha, kwenye chumba cha baridi, kwa maelezo kwamba siwezi kufanya kazi na wenzangu. Mfereji nao ukazibuliwa. Fundi alikuja asubuhi na waya mrefu, akamaliza kabla ya chai ya saa nne.

Mwenzangu hakurudi kazini. Vidole vyake viwili havikunjiki hadi leo. Nilipokwenda kumjulia hali nilimsimulia yote. Aliuliza swali moja tu, fundi alitumia muda gani. Nikamwambia hata chai ya saa nne haikumkuta. Mimi hasira ile sijaitua.