Pombe Isiyosafiri

Mama aliyeniuzia pombe ya ndizi kule Mbale, Uganda, alinionya kwamba haisafiri. Inaendelea kuchacha, kwa hivyo jerikeni huzibwa kwa jani la mgomba ili ipumue. Mimi na ujuaji wangu nikakaza kifuniko, isimwagike njiani.

Ilifika Eldoret salama. Jumapili, tukiwa mezani na wageni, kifuniko kiliruka kwa kishindo na pombe ikatapakaa ukutani. Wageni wakacheka.

Tangu tuchomewe nyumba wakati wa vita vya uchaguzi, watu hawachoki kutuambia tusahau. Tusahau vipi? Wageni wakiwa bado wanacheka, nilimkuta mama yangu ameshafika getini bila viatu, amemkumbatia mtoto wangu, akiniuliza, “Wamefika nyumba gani?”