Sikio la Ndama

Nilipokuwa mtoto, watu wa Mushaki walijua kisa cha masikio yangu kabla hawajalijua jina langu. Yote mawili yalikuwa yamepasuka kwa chini, ndewe ikining'inia peke yake kama imekatwa. Kidevu changu kilikuwa kidogo, na kinywa kilifunguka nusu tu, hivyo wenzangu walimaliza kula nikiwa bado natafuna.

Walisimulia kwamba mama, akiwa na mimba yangu, alimshika ndama huku baba akimkata sikio kumtia alama. Kwetu inasemwa kwamba mwenye mimba akikitazama kisu kile, kinamfuata mtoto tumboni. Mama aliitwa mzembe. Mimi niliitwa Kandama.

Mama alitoka kwa wakulima wa mlimani, hakujua miiko ya ng'ombe. Hilo ndilo Tate, mama wa baba yangu, hakumsamehe. Mama alipopata mimba nyingine, Tate akatangaza kwamba ukoo utakutana Jumapili baada ya ibada: mama arudi kwao, asije akaharibu mtoto mwingine. Baba aliinamisha kichwa akashika ndevu zake.

Wiki ile lori lilisimama kwetu kununua maharagwe. Dereva alinitazama sana.

"Mama, uyu mutoto ana undugu na Mama Sifa wa Mubi? Ule mwenye kuuzisha mafuta?"

"Simujui. Juu ya nini unauliza?"

"Masikio iko sawasawa. Kidevu pia."

Mama aliuliza mwanamke huyo ni wa ukoo gani. Aliposikia, akakishika kioo cha lori kwa mikono miwili: alikuwa shangazi wa baba, aliyeolewa huko Mubi, upande wa Walikale, zamani, kabla hata Tate hajaingia katika ukoo ule.

"Umuambie aje mbele ya Jumapili," mama akasema, akamsimulia kisa cha ndama. "Umuambie mama ya uyu mutoto anamuomba."

Jumapili hiyo wazee walikuwa wameshakaa uani pikipiki ilipoingia, imejaa tope la Walikale. Mwanamke mnene akashuka, akasalimia, akafungua kitambaa cha kichwa. Nikaona masikio yangu kwenye kichwa cha mtu mwingine.

"Wakati miye nazaliwa," akasema, "ngombe za kwetu zote zilikuwa zimekufa na ugonjwa. Basi mama yangu alishika ndama gani?"

Akamwendea baba, akaingiza vidole ndani ya ndevu zake.

"Na wewe, unaficha nini humu? Si kidevu kidogo ya kaka yangu?"

Mzee mmoja alicheka, wengine wakafuata. Baba naye alicheka, kisha akajifuta macho. Mwishowe Tate akainuka, akamsogezea mama kiti chake mwenyewe.

"Ukae, mutoto wangu. Unabeba mimba."

Mama hakukaa. Alinishika mkono, shangazi akashika wa pili, tukatoka vichwa wazi sote watatu tukapita barabara yote ya Mushaki mpaka sokoni na kurudi. Kila aliyetukodolea macho, tulimsalimia kwa sauti. Sijawahi kutembea hivyo tena, hata siku ya arusi yangu.

Miaka mingi baadaye daktari alinieleza kwamba ni hali adimu ya kurithi. Katika familia humgusa mmoja kidogo na mwingine sana. Sikumcheka Tate moyoni. Alitafuta sababu, na sababu pekee aliyoijua ilikuwa kisu. Lakini nilijifunza kwamba sababu ya uongo huhitaji mtu wa kuibeba, na karibu kila mara huyo huwa mama.

Nilipojifungua mtoto wangu wa kwanza, mkunga alisita kunipa.

"Mama, masikio yake..."

Nilicheka hadi mishono ikaniuma. "Umulete. Uyo ni wetu."

Mama yangu, aliyekuwa kando ya kitanda, alinyoosha mikono akampokea kwanza yeye.