Bi Mize wa Pujini na Hodi Yenye Jina

Alizaliwa Pujini, kisiwani Pemba, karibu na Chake Chake, yapata mwaka 1904, Bi Mize binti Nyange, Mwenyezi Mungu amrehemu. Baba yake alisomesha Kurani barazani kwake, na binti alihitimu mapema, lakini kukaa kitako kulimshinda tangu udogo. Akishika ukili wa mkeka, miguu humcheza. Akiinjika chungu jikoni, mara yuko uani, mara yuko njiani. Ndui ilipomchukulia mume na watoto wote wawili, akawa hakai kabisa. Alikwenda kijiji hata kijiji, akiuguza wagonjwa na kuosha maiti wa kike, hata watu wakamwita Bi Kiguu na Njia. Hakuchukia. "Mie sina utulivu," alikuwa akisema. "Basi bora wasiwasi wangu umfae mtu."

Mwezi wa Juni 1961, fujo za baada ya uchaguzi ziliwaka Unguja. Waliozikimbia waliziita vita, kwani kwa waliyoyaona hawakupata jina jengine. Soud, mdogo wake Bi Mize, aliuawa mlangoni kwake huko shamba. Siti, binti pekee wa marehemu, kigori ambaye mama yake alikwisha kufa, aliteremshwa bandari ya Wesha pamoja na magunia, hana kitu ila kanga alizojifunga. Shangazi yake akampokea.

Siti alikuwa hasemi. Kila mtu alipopiga hodi, alitoka mbio kwa mlango wa uani akajificha migombani. Na Pujini, nyumba ya watu hupigwa hodi kutwa nzima. Majirani wakasema ana pepo, wakaleta ngoma kwa nia njema. Ngoma ilipopamba moto Siti hakuonekana. Alikutwa mikokoni, maji yanajaa, yamemfika kifuani, naye kasimama tu anayatazama. Hapo Bi Mize alitambua kuwa damu ya ndugu yake iliyobaki yaweza kumponyoka mikononi.

Aliomba dua, na dua zenyewe aliziomba akitembea. Mwishowe akamshika mkono Siti wakatembea wote, leo Gombani, kesho Wesha, bila ya kumwuliza neno. Walioulizia safari walijibiwa, "Twanyoosha miguu." Siku moja, kwenye njia ya Wesha, Siti akasema mwenyewe.

"Walipiga hodi, shangazi. Kwa adabu. Mie ndiye niliyesema karibu."

Bi Mize akasimama. Watu wa njia ile walisema hawakupata kumwona kasimama njiani kabla ya siku hiyo. "Wewe uliitika kama tulivyokulea," alimwambia. "Aliyeficha panga nyuma ya hodi, huyo ndiye aliyesema uongo mlangoni. Usimbebee mzigo wake."

Tangu hapo alizunguka nyumba kwa nyumba akiwa na ombi moja: kila anayekuja kwake ataje jina lake angali mbali, na kilichomo mkononi mwake, ndipo apige hodi. Watu walicheka. Bimkubwa binti Mmanga, rafiki yake wa utotoni, alimwambia, "Mie niliyecheza nawe kombolela, nijinadi kama muuza papa?"

"Jinadi, mwenzangu. Sauti Mungu kakupa."

Wengine walinung'unika, wakamwita Shehe Abrahman amkataze. "Hodi ni amri ya Mungu, Bi Mize," alisema Shehe.

"Siiondoi, Shehe. Naomba iongezwe jina."

Shehe akawageukia walalamikaji. "Mtume, rehema na amani zimshukie, alibishiwa mlango. Akauliza, nani? Akajibiwa, mimi. Jibu hilo halikumpendeza. Basi tajeni majina yenu."

Ila Bimkubwa alikaidi. Alikuja kama alivyozoea, akapiga hodi yake kubwa, na Siti akatimka hadi mikokoni tena. Bi Mize hakumgombeza. Alimshika mkono wakamtafuta Siti pamoja, na Bimkubwa akamwona binti wa watu akitetemeka majini. Toka siku hiyo alijinadi tangu kwenye minazi. Mzee Jecha, jirani yao, naye alikuwa akija akinadi, "Mie Jecha! Nina muhogo mkononi na njaa tumboni!" Kwa maneno hayo Siti alionekana akicheka kwa mara ya kwanza. Akaacha kukimbia. Vijana wengine waliokimbia fujo waliletwa kwa Bi Mize, naye akatembea nao mmoja mmoja. Lakini neno karibu Siti hakulitamka. Shangazi yake ndiye aliyeitika kwa ajili yake.

Mwezi wa Shaaban, mwanzoni mwa 1963, homa ilimwangusha Bi Mize. Hata kitandani miguu yake haikutulia. "Wageni watakuwa wengi, Siti," alisema asubuhi moja. "Usiwaache juani." Adhuhuri akafariki, na miguu ikatua.

Nyumba ya msiba haipigwi hodi. Hata hivyo watu walijaa uani, asiingie hata mmoja, kwani aliyekuwa akiitika amelala. Mwisho sauti moja ilitoka kwenye minazi, imepasuka kwa kilio: "Mie Bimkubwa binti Mmanga. Nina maji ya mkunazi ya kumwoshea mwenzangu. Hodi."

Mlango ukafunguliwa kwa ndani.

"Karibu," alisema Siti. "Karibuni nyote."

Wapo wanaosema kwamba njia aliyoizoea Bi Mize, ya kwenda Wesha, haioti majani hata masika. Mungu ndiye ajuaye. Lijulikanalo ni kuwa upande ule wa Pujini mgeni hutaja jina kabla ya hodi, na watoto hawajui kwamba kwengine si hivyo. Anayetaka kumfuata Bi Mize asimwulize aliyeumizwa kwa nini anakimbia. Ataje jina lake, aoneshe mikono yake, kisha angoje nje hadi aitikiwe.