Sinia la Kochi Jefwa

Jefwa hakuwa na mke wala mtoto. Aliyekuwa mkewe, Eddah, alimwacha zamani akisema hawezi kushindana na mpira, na mimi jirani yao hapa Bofu simlaumu. Mtu anabeba mizigo kutwa nzima, jioni badala ya kulaza mgongo anakwenda kukimbizana na vijana uwanjani! Lakini vijana wale ndio waliokuwa nyumba yake. Hofu yake ilikuwa moja tu: timu isije ikavunjika akabaki peke yake.

Kila Ijumaa baada ya mazoezi walikula kwangu. Mimi ndiye niliyepika, maana Jefwa hata chai huiunguza. Nilijaza wali wa nazi kwenye masinia mawili makubwa, na Jefwa alikuwa na amri yake: hakuna kukaa na rafiki yako. Beki alikaa na kipa, waliogombana walikaa pamoja. Kila mmoja alikula upande wake, na samaki wa katikati hakuguswa mpaka Jefwa amchambue na kumsogezea kila mtu fungu lake. Wa benchi alipata sawa na nyota.

"Kochi, wanakuja kula au kuoana?" niliwahi kumtania.

"Wacha wazoeane, dada Mwanasaumu. Jumapili utawaona wanavyosikilizana."

Na kweli walisikilizana, mpaka msimu ule mbaya. Ilibaki mechi moja, na wakifungwa wanashuka daraja. Mahfudh, mfanyabiashara aliyewapa jezi, akaja na wazo lake: Ijumaa ile wachezaji wa kwanza wakale hotelini Shelly Beach, nao wajione watu. Wa benchi wabaki. Jefwa alitaka kukataa, nilimwona usoni. Lakini aliona haya kumkatalia mtu aliyewavisha, akaitikia. Hapo ndipo alipoharibu, na mpaka leo nina hasira naye, Mungu anisamehe.

Wa benchi walikuja kwangu kama kawaida. Changawa, kipa wa akiba, alikula matonge mawili akanawa. Jefwa alimsogezea fungu lake la samaki, Changawa akalisukuma pembeni.

"Nimeshiba, Kochi."

Alikuwa ameshiba nini, na kutwa hajala?

Jumapili kipa wa kwanza, Shee, aliumia goti, akaingia Changawa. Walihitaji sare tu. Mechi inakaribia kuisha, bado hakuna bao, ukaja mpira wa juu kati yake na beki Musyoka. Mpira wa namna ile kipa hupaza sauti, "Wangu!", beki akampisha. Changawa hakuita. Musyoka naye hakugeuka. Kila mmoja alimwachia mwenzake, mshambuliaji wa wageni akapita katikati yao akafunga.

"Mbona hukuita?" Musyoka alifoka.

"Nikuite, kwani twajuana? Waulize wenzako wa hotelini."

Timu ikashuka. Mahfudh hakuonekana tena, Shee akahamia timu ya Magogoni, na wengine wakamfuata. Jefwa alikonda, akawa haendi hata uwanjani. Mwishowe aliniomba nimsindikize kwao Changawa. Alitaka kumwomba radhi, waanze upya na wale wa benchi.

Tuliwakuta wanakula mkekani.

"Shikamoo, Kochi," alisema Changawa, akainuka.

"Marahaba, mwanangu."

Mama yake, Kafedha, alinivuta mkono nikaketi karibu yake, tukala pamoja. Changawa alimletea Jefwa kiti, akampakulia wali kwenye sahani ya peke yake, akaweka na kijiko. Alifanya kwa adabu zote. Kisha akarudi mkekani kwa ndugu zake.

Jefwa alikula mpaka akamaliza. Alishukuru, akaaga, na habari ya timu hakuitaja.

Njiani nilimuuliza mbona amenyamaza.

"Nimwambie nini, dada? Umeona nilivyokaribishwa. Mimi ni mgeni pale."

Nililia mimi. Yeye aliniuliza tu kama nitaweza kufika nyumbani peke yangu, maana alitaka kutembea peke yake kwanza.